Kutoka Taa Hadi Taa

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alisoma mita za maji kwa miaka mingi hadi mtaa ukasahau jina lake. Walimwita Bwana Tone. Alikuwa akifika mbele ya nyumba, anainua kile kifuniko cha chuma, anachuchumaa, anasoma tarakimu, na badala ya kuondoka anatega sikio. Kisha anabisha hodi. Namkumbuka siku alipobisha kwa mama mwenye mashine ya kusaga, jirani yetu wa kona.

"Mama, bomba lenu la jikoni linavuja."

Mama akaapa kwamba halivuji. Wakaongozana jikoni, na kweli wakalikuta tone moja limening'inia kwenye mdomo wa bomba, linanenepa taratibu, linaanguka.

"Sasa tone moja nalo ni kuvuja?"

"Litegee ndoo leo usiku. Kesho utaniambia wewe."

Asubuhi ndoo ilikuwa imefurika. Mama yule hakumsalimia kwa muda mrefu.

Wasiomfahamu walimwita mkono wa birika. Mimi nimeishi naye nyumba za kuelekeana, mlango wangu ukitazama mlango wake, na nasema hawakumwelewa. Bahili hupenda kitu kwa kuwa ni chake. Shemeji alipenda maji ya watu, yasiyomhusu, kwa kuwa yalimshangaza. Aliniambia siku moja, kwa sauti ya mtu anayetoa siri, kwamba lile tone la jikoni lilisukumwa kutoka mtoni hadi kwenye tangi la juu, likashuka ndani ya mabomba, likapita chini ya soko na chini ya shule, likapinda kona zote hizo gizani, ili lije kudondokea kwenye sinki ambalo hapana mtu.

"Safari yote hiyo," alisema. "Kisha hakuna wa kulipokea."

Alipostaafu alinunua gari. Lilikuwa steshenwagoni ya dizeli, kuukuu, rangi ya majivu, refu mgongoni kama lililovutwa likakubali, na magurudumu yake yote manne yanavuta. Dada alilitazama likiingia uani, akaweka mkono kiunoni.

"Hili si gari. Hili ni kenge."

Jina likaganda. Tukawa tunasema Kenge ameoshwa, Kenge ana kiu, Kenge amelala nje.

Mwaka ule ule figo za dada zilichoka. Hospitali yenye mashine ya kusafisha damu iko mji wa juu. Ukitoka kwetu unakata bonde zima, kisha unapanda mlima wa udongo mwekundu hadi lami inapoanza. Dada alipangiwa kiti cha Jumatatu na cha Alhamisi. Muuguzi mkuu wa chumba kile, mwanamke mwenye sauti ya pole na maneno yaliyonyooka, alituweka wazi tangu siku ya kwanza. Ukikosa mara moja, alisema, utavimba miguu na pumzi itakuwa fupi. Ukikosa mara mbili mfululizo, tusiahidiane. Tangu hapo Kenge hakuwa na kazi nyingine duniani.

Basi ikaja shida ya mafuta. Kila gari liliwekewa dumu moja la lita ishirini kwa wiki, litolewe Jumapili, kwenye kituo cha mtaani kwako na si kwingine. Watu walilalamika, wakazoea. Shemeji yeye alipiga hesabu. Alikuwa na njia yake ya kujua ulaji wa gari, aliiita kutoka taa hadi taa. Mafuta yakikaribia kwisha, taa ndogo ya njano inawaka mbele ya dereva. Ikiwaka, anasoma kilomita na kumimina dumu lake lote. Ikiwaka tena, anasoma tena, anagawa. Jibu lake lilikuwa kilomita kumi na moja kwa kila lita. Safari mbili za hospitali, kwenda na kurudi, zilidai kumi na mbili na nusu.

Jioni hiyo nilimkuta kwenye ngazi za mlango wake, kitabu cha gari kiko magotini.

"Kitabu kinasema kumi na nane," aliniambia.

"Kitabu kimeandikwa na muuzaji, shemeji."

"Hawakudanganya. Walipima kweli. Ila walipima gari likiwa chumbani, magurudumu yanazunguka juu ya vyuma. Hakuna upepo, hakuna mlima, hakuna mashimo."

"Na hakuna wewe," dada alisema kutoka ndani.

"Na hakuna mimi," alikubali. Akafunga kitabu, akainamisha kichwa upande, vile vile alivyokuwa akifanya juu ya mita. "Zimeingia kumi na nane, zimetoka kumi na moja. Hizo saba zinavujia wapi?"

Akaanza kuzitafuta. Kipande cha kwanza alikikuta juu ya paa, kwenye keria tupu ambayo hakuna aliyekumbuka ilibeba nini mara ya mwisho. Upepo ulikuwa ukiishika kama mkono unavyoshika shati la mtu anayekimbia. Tukaifungua. Kingine kilikuwa kwenye tairi. Akazijaza upepo hadi zikagota kama ngoma ukizipiga kwa kidole. Kila tulipofika mwisho wa safari alizunguka gari akigusa rimu moja moja kwa kiganja, na ile ya nyuma upande wa kushoto ilikuwa ya moto kuliko wenzake. Breki yake ilikuwa haiachii vizuri. Tulikuwa tumepanda mlima ule miezi yote tukiwa tumeshikiliwa mguu, wala hatukujua. Siti ya nyuma nayo iling'olewa ili kupunguza uzito, mimi nikawa nasafiri nimekaa juu ya mto kwenye sakafu, kama mzigo ambao mwenyewe hajaja kuuchukua.

Kubwa zaidi lilikuwa mguu wake. Alivua kiatu cha kulia ili akanyage mafuta kwa unyayo mtupu. Kona ikiwa bado mbali alishainua mguu, Kenge akawa anateleza mwenyewe kimya kimya, na kufika konani mwendo ulikuwa umeshapungua bila breki kuguswa. Alisema breki ni mahali ambapo dizeli iliyokwisha kufanya kazi inageuzwa kuwa joto na kutupwa. Sikuwahi kufikiri hivyo. Tangu anieleze, kila nionapo taa nyekundu za nyuma ya gari zikiwaka, naona mtu anamwaga kitu barabarani.

Na kitu kimoja hakukivumilia kabisa, gari kunguruma likiwa limesimama.

"Sasa hivi linakwenda kilomita ngapi kwa lita?" angeuliza.

"Limesimama, shemeji."

"Basi ni sifuri. Hilo ndilo bomba lililoachwa wazi."

Kwa hiyo alizima kwenye geti la hospitali, alizima kwenye kivuko cha ng'ombe, alizima hata dada akiagana na jirani dirishani. Jirani angeanza, "Haya, nendeni sal..." na injini ingekuwa imeshakufa. Dada alizoea. "Siku nikifa," alisema, "huyu atazima gari nusu ya njia, mnisukume wenyewe hadi makaburini."

Jumamosi moja aliniita nje. Alikuwa amemimina dizeli ndani ya kifuniko cha chupa ya soda, akakiweka juu ya ukuta kwa uangalifu mkubwa. Dada alikuwa amekaa kwenye benchi lake, miguu juu ya kigoda. Mama mwenye mashine ya kusaga naye alikuwa amesimama njiani na beseni, maana watu wakiona Bwana Tone amechuchumaa hupenda kujua kuna nini.

"Shemeji, hicho kinamtoa Kenge hapa langoni hadi nguzo ya umeme ile pale. Sisi wote tukiwa ndani."

Nguzo yenyewe haikuwa mbali, lakini njia pale inapanda kidogo. Nikamwambia hilo si la ajabu, hata mimi naweza kulisukuma.

"Haya, sukuma."

"Mdogo wangu, usikubali," dada alisema. "Huyo ana hila."

Nilikunja mikono ya shati. Shemeji akaingia ndani, akaachia breki ya mkono, akatoa gia. Niliweka bega. Mwanzo Kenge alikataa kama nyumba inavyokataa. Kisha akaanza kusogea, polepole, na mimi nikafurahi mapema. Hatua chache mbele mgongo uliniwaka. Nikageuka nikasukuma kwa mgongo, visigino vikachimba mchanga. Mama wa beseni akanishauri nipumue. Nilipofika nusu ya njia mapaja yalikuwa yanatetemeka yenyewe, na gari likaanza kunirudia. Shemeji akavuta breki. Niliketi chini palepale.

Hakunicheka. Alishuka, akaenda kukichukua kile kifuniko ukutani, akaniletea nikione. Dizeli ilikuwa ya njano hafifu, imetulia, na ndani yake kulikuwa na kipande cha mbingu. Ingetosha kumwagika kwenye kiganja cha mtoto. Nilikitazama nikiwa nahema, jasho linaingia machoni, na kwa mara ya kwanza nikaona nilichokuwa nakitazama. Kile kitu kingepandisha chuma chote kile, pamoja na dada na mto wangu, hadi kwenye nguzo na bila kuhema.

"Nilikuwa nadhani gari ndilo lenye nguvu," nilisema.

"Ndiyo maana siwezi kukimwaga," alisema, akairudisha ile dizeli kwenye tangi.

Baada ya kazi yote hiyo, kutoka taa hadi taa Kenge alitoa kumi na mbili. Ilibaki nusu. Wiki hizo tulizipitisha kwa kuombaomba lifti ya njia moja, na mara moja dada alilala mjini kwenye benchi la hospitali. Shemeji akampelekea fundi wa gereji swali lake. Fundi huyo ni mtu mnene mwenye maneno mengi. Alilala chini ya gari, akajibu akiwa huko huko.

"Nusu yako iko huku tumboni. Gari hili linavutwa na magurudumu ya mbele, ya nyuma yanasaidia tu. Nguvu ya kwenda nyuma inapita kwenye propela, chuma hiki kirefu. Sasa kiangazi barabara kavu, propela inazunguka bure tu. Niing'oe?"

"Gari litakwenda?"

"Litaruka."

Dada hakupenda. Alisema Kenge asiye na mkia ni mjusi. Lakini propela iling'olewa, ikafutwa, ikafungwa ndani ya gunia na kulazwa stoo, na wiki iliyofuata taa iliwaka ikiwa tumeshapita kumi na tatu. Shemeji alinionyesha tarakimu. Alikuwa ameziba matundu yote aliyoweza, na mkewe alikuwa na kiti chake cha Jumatatu na cha Alhamisi.

Ikaja Jumapili moja lori la mafuta halikutokea kituoni. Jumatatu halikutokea. Dada akakosa kiti. Lilifika Jumatano jioni, na tukapewa nusu ya dumu letu, lakini dada alikuwa ameshavimba vifundo hadi viatu havifungiki, na alikuwa akiongea kwa vipande, neno, pumzi, neno. Hakuna aliyetaja maneno ya muuguzi. Usiku ule mvua ikanyesha, mvua ambayo si ya msimu wake, kubwa, hadi karibu na mapambazuko.

Alhamisi asubuhi tulikuta lori moja limeegeshwa chini ya mlima wa udongo mwekundu. Dereva wake alikuwa amekaa juu ya kipande cha gogo, anachokonoa meno. Mlima uling'aa kama sabuni iliyotumika.

"Mnapanda?" akauliza. "Leo hata mbuzi nimewaona wanarudi." Kisha akasoma maandishi kwenye mlango wa Kenge, akabadilika. "Aa, kumbe hilo linavuta kote kote. Piteni, mabosi."

Shemeji akatia gia. Alipanda. Kwa muda mfupi ilikuwa kama litakwenda, kisha magurudumu ya mbele yakaanza kuzunguka palepale, yakirusha tope, na Kenge akateleza kurudi alikotoka. Akajaribu tena. Ikawa vile vile. Dereva wa lori akaja akiruka madimbwi, akainama.

"Ya nyuma mbona yamekaa kama wageni? Hayafanyi kazi?"

"Propela iko nyumbani," shemeji alisema.

"Nyumbani inafanya nini?"

"Imefungwa kwenye gunia."

Dereva wa lori alimtazama, akanitazama mimi, akarudi kwake. "Yaani mzee, propela umeiacha nyumbani kama mwavuli."

Hakuna aliyecheka. Dada alikuwa ameegemeza kichwa dirishani, macho amefumba. Kurudi kuifuata kulikuwa ni kula mafuta ambayo hayatapatikana tena hadi Jumapili, na kiti cha hospitali humsubiri mtu kidogo tu kabla hajapewa mwingine.

"Turudi," dada alisema. "Haina... neno."

"Tukirudi hatuji tena," alijibu mumewe.

Akashuka na mguu wake mmoja usio na kiatu. Alichuchumaa mbele ya tairi la mbele, kwenye alama liliyoichimba, akakaa hapo. Nilikijua kikao kile. Aliinamisha kichwa, na kwa kweli nilidhani anasikiliza.

"Tukipanda, pua inaelekea juu," alisema hatimaye. "Uzito wote unakimbilia nyuma, kwenye magurudumu ambayo siku hizi hayana kazi. Ya mbele yanabaki mepesi, yanaparaza tu. Tukimgeuza Kenge, apande kinyumenyume, pua itakuwa chini. Uzito utaegemea yale yanayovuta."

"Mlima mzima kwa rivasi?" dereva wa lori aliuliza.

"Mlima mzima."

Kisha nikamwona akifanya kitu ambacho sikutarajia kukiona. Alikwenda kwenye tairi za mbele, zile alizokuwa akizilea kwa pampu kila asubuhi, akabonyeza vali kwa ncha ya ufunguo. Upepo ukatoka ukifoka. Akauacha utoke, macho yake yakiwa juu ya tairi inavyotepeta na kutandaza tumbo kwenye tope. Akafanya na ya pili. Halafu akanigeukia.

"Shemeji, panda kwenye boneti."

"Mimi?"

"Miezi yote natoa uzito kwenye gari hili. Leo nauhitaji."

Dereva wa lori alikuwa na mwili wa haja. Alijitazama tumbo, akatema kijiti chake. "Basi na mimi nipeni tiketi," akasema, akapanda upande wa pili. Tukakaa hapo, migongo yetu kwenye kioo, miguu inaning'inia juu ya taa, tumelipa bonde uso. Nyuma yetu, kati ya mabega yetu mawili, dada alikuwa akitazama mbele kupitia kioo.

Kenge akaanza kupanda kinyumenyume.

Shemeji alikuwa amejipinda mzima, mkono mmoja nyuma ya siti ya dada, anatazama kwenye kioo cha nyuma, ambacho kwa kuwa siti haikuwepo kilikuwa wazi. Nilimsikia anavyokanyaga. Sauti ya injini haikupanda wala haikushuka. Dereva wa lori, ambaye kazi yake ni milima, aliacha kuongea. Palipoteleza, palipotaka kuzunguka bure, ule mguu mtupu uliinuka kabla sisi hatujahisi kitu, tairi likatulia, likatafuta, likashika, na mguu ukarudi taratibu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba miezi ile yote ya kutafuta nusu kilomita haikuwa kazi ya mafuta peke yake. Alikuwa ameufundisha mguu wake kusikia tone. Dereva mwingine angekanyaga, na tungekuwa mtaroni.

Mahali pamoja nyuma iliteleza kuelekea korongo. Niliona ukingo ukija upande wangu, majani yake, na chini yake hewa. Injini ilinong'ona tu. Kenge alikaa pembeni, kama anayefikiri, kisha akajivuta kurudi katikati.

"Sijaona," dereva wa lori alisema kwa sauti ndogo. "Wallahi sijaona."

Na huku tukipanda hivyo, bonde likaanza kufunguka mbele yetu. Kwanza ilikuwa lori lililobaki chini, kisha barabara tuliyoijia, kisha mto, uliokuwa umevimba na kuwa wa rangi ya chai. Mashamba yalijitokeza moja nyuma ya jingine, yameoshwa. Mawingu yalikuwa yamepasuka upande wa mashariki na jua likaangukia mabati ya mtaa wetu, yakawaka yote kwa pamoja. Kwa kuwa tulikuwa tunakwenda bila kutazama tuendako, ilikuwa kama sisi tumesimama na dunia ndiyo inayoshushwa taratibu, ipate kuonekana. Nilisahau kushika pembe ya boneti. Nimezaliwa humo bondeni na sikuwa nimewahi kuliona hivyo.

Lami ilipoguswa na magurudumu, Kenge akasimama. Tuliteremka, miguu imekufa ganzi. Nikasubiri kusikia injini ikizimwa, maana mkono wa shemeji kwa desturi unafika kwenye ufunguo kabla gari halijasimama sawasawa. Haukwenda. Ulikuwa bado nyuma ya siti ya dada. Injini inanguruma, sifuri kwa lita, na yeye anamtazama mkewe.

Dada alikuwa ameinamia mbele, mikono yote miwili kwenye dashibodi.

"Lile bati," alisema, akavuta pumzi, "lenye tangi la bluu. Ni kwetu?"

"Ni kwetu."

"Mara zote nikipanda... nimelipa bonde mgongo. Nikishuka... nimelala."

Tulifika hospitali tumechelewa, tairi za mbele laini kama maandazi. Muuguzi mkuu alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chake, na kiti cha dada kilikuwa bado kitupu, shuka limetandikwa. "Nilikuwa nahesabu mpaka kumi," alisema. "Nilishafika kumi mara nyingi." Wakamlaza, wakamuunganisha. Shemeji alikaa pembeni, tope hadi magotini, akatazama damu ikitoka kwenye mpira mmoja na kurudi kwa mwingine. Baada ya muda akauliza figo nzima yenyewe ina ukubwa gani. Muuguzi akakunja ngumi, akamwonyesha.

"Na inafanya kazi yote ya mashine hii?"

"Kuliko hii. Usiku na mchana."

"Bila kelele?"

"Umewahi kuisikia?"

Shemeji aliinamisha kichwa chake upande. Akamtazama muuguzi, ngumi yake, dada, na mikono yake mwenyewe. Kufikia adhuhuri dada alikuwa anaongea sentensi nzima, na ya kwanza ilikuwa ya kumuuliza mumewe kiatu chake kiko wapi.

Alasiri dereva wa lori alitukuta getini. Jua lilikuwa limekausha mlima, naye amepanda salama. Alishusha kidumu kidogo cha dizeli kutoka kwenye tangi la lori lake, akakataa shukrani. "Hiyo ni nauli," alisema. "Sijawahi kupanda boneti ya mtu bure."

Kesho yake shemeji aliirudisha propela mahali pake. Taa ikarudi kuwaka kwenye kumi na mbili, na nusu yake ikawa imepotea tena. Lakini habari za mlimani zilikuwa zimeshafika mtaani. Jumapili mama mwenye mashine ya kusaga alibisha hodi, chupa mbili za soda mkononi, zimejaa dizeli iliyochujwa kwa kitambaa safi.

"Mashine yangu inavuja kwenye koki," alisema, bila kumtazama usoni. "Tone tu. Nimeitegea kopo wiki nzima."

Shemeji alizipokea kwa mikono miwili. Zilitosha. Kila Jumapili hadi kipimo cha mafuta kilipoondolewa, mama yule alileta chupa zake, na kila mara shemeji alijitolea kwenda kumkazia ile koki. Mama alikataa.

Dada bado anakwenda Jumatatu na Alhamisi, nami nimerudishiwa siti. Shemeji bado anazima kwenye kivuko cha ng'ombe. Lakini tukifika pale lami inapoanza, hupita kidogo, anamgeuza Kenge hadi pua ielekee bondeni, na hapo husimama na kuiacha injini ikinguruma.

"Zima, wewe mzee," dada humwambia. "Unamwaga mafuta."

"Tazama kwanza," husema yeye.